Filimbi ya bati: ninavyoipima kabla sijaisifia (uzi maalumu kwa wapenzi wa filimbi Dar)

#1 Pumzi Ndefu (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Tangu nitume ile klipu nikipiga filimbi ya bati kwenye uzi wa nyimbo za Krismasi, PM hazikatiki, na swali ni lilelile: "Mkuu, ninunue filimbi gani?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nikaona heri nifungue uzi. Ila niseme mapema, sitataja filimbi moja niseme hii ndiyo. Nitaeleza ninavyoipima, maana jina lililochapwa kwenye bomba halitoshi. Hapa mezani ninazo mbili za kampuni moja, mfano mmoja, zilikuja kwenye kifurushi kimoja. Moja nimeichezea kanisani miaka minne. Nyingine sikuweza kumaliza nayo ubeti mmoja bila sauti kuniruka, hadi nilipogundua ugonjwa wake. Nao nitaueleza.

Tuelewane kwanza. Kiswahili chetu kinaita filimbi vitu vingi: ya refa, ya mwanzi, zile za Wagogo, hata rekoda za shuleni. Mimi nazungumzia ile ambayo Waingereza wanaiita tin whistle. Ni bomba jembamba la bati, la shaba ya manjano au la plastiki, urefu karibu sentimita 30, matundu 6 mbele, nyuma hakuna kitu, na juu kuna kichwa chenye mdomo wa kupulizia. Robert Clarke alianza kuzitengeneza kwa bati la kukunja mwaka 1843 huko Suffolk, Uingereza, kisha akahamia Manchester. Mfano wake wa zamani, wenye kipande cha mti mdomoni, unauzwa hadi leo. Waayalandi ndio walioifanya iwe ala ya taifa zima.

Kwa watu wa kwaya ni rahisi sana kuielewa, kwa sababu inakwenda kwa solfa. Ziba matundu yote, hiyo ni do. Fungua kuanzia chini, kidole kimoja kimoja: re, mi, fa, so, la, ti. Ukitaka oktava ya juu, yaani do re mi zilezile ngazi ya juu, vidole ni vilevile, unaongeza pumzi tu. Iliyozoeleka ni ya kii D, na do yake ya chini ni D yenye mitetemo 587 kwa sekunde. Vipimo vyote nitakavyotaja humu ni vya hiyo.

Sasa kosa kubwa ninaloliona kwa watu wakijaribu filimbi dukani, na mimi nimelifanya miaka: unaishika, unapiga wimbo unaoupenda, ukisikika vizuri unalipa. Wimbo unaoupenda unaficha kasoro. Vidole vyako vinaujua, pumzi yako inajirekebisha yenyewe, na sikio linasikia kile kilichomo kichwani. Filimbi ipimwe kwa noti moja moja, tena uanze na ile ambayo watu wengi hawaijali: do ya chini.

Naendelea.

#2 Kinda la Mbagala

Nimekaa mbele kabisa mkuu. Nina Sh 45,000 nimeitenga kwa kazi hiyo na Jumamosi nashuka Kariakoo. Usiniache.

#3 Pumzi Ndefu (mleta uzi)

Kinda, subiri usome hadi mwisho ndipo utoe hela.

Do ya chini. Ziba matundu yote sita, hakikisha hakuna hewa inayovuja chini ya kidole, kisha puliza taratibu kama unapoza chai. Sauti itatoka. Ishike. Halafu ongeza pumzi kidogo kidogo, bila kugonga ulimi, hadi sauti iruke yenyewe kwenda oktava ya juu. Unachopima ni nafasi iliyopo kati ya pumzi inayoiamsha do na pumzi inayoivunja.

Nafasi hiyo ikiwa pana, una filimbi. Unaweza kuikazia do, ukaipa uzito, na mtu wa benchi la nyuma akaisikia. Ikiwa finyu, kila wimbo unaoshuka hadi do utaucheza kwa woga. Utakuwa unapunguza pumzi ukikaribia chini, na sauti itazimika palepale wimbo unapotaka kutulia. Nimeona wachezaji wazuri wakidhani hawana pumzi, kumbe ni filimbi.

Usitegemee do ya chini iwe na nguvu kama la au ti. Kwenye filimbi za kawaida huwa ndiyo dhaifu kuliko zote. Ninachokidai ni kwamba isimame: niishike kwa hesabu ya nane ya polepole bila kutikisika. Fanya hivyo mara tano, si mara moja, maana pumzi ya kwanza huwa na bahati.

Kisha panda. Do ya juu, re, mi, hadi la na ti ya juu. Hapo sikiliza mambo mawili. La kwanza, inadai pumzi kiasi gani? Kuna filimbi inayoimba kwa upole chini, halafu ukifika la ya juu inakutaka upulize kama unawasha mkaa. Wimbo ukipanda kwenye filimbi hiyo, watu wanashtuka. La pili, ukali. Ti ya juu ina mitetemo karibu 2,217 kwa sekunde, na sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya 2,000 na 5,000. Ndiyo maana nyumba za kupanga, zile za vyumba mkabala, jirani anavumilia oktava ya chini usiku kucha ila ukipiga ti ya juu anagonga mlango. Ukali kidogo ni tabia ya ala yenyewe, siulalamikii. Nakataa ile inayochoma meno.

Sifa ya filimbi nzuri kwangu ni hii: natoka do ya chini hadi do ya juu na kurudi, nikibadilisha pumzi kidogo sana, na kila mara inafika nilikokusudia. Hayo mengine yote, mng'aro wa shaba, rangi ya kichwa, kifuko chake, yanafuata nyuma sana.

#4 Mama Alto

Hongera kaka kwa uzi. Mimi ni mwanakwaya, Mwananyamala huku. Tuna kijana anatupigia filimbi ya D na kinanda. Mazoezini inakaa vizuri. Jumapili ibada ya pili, saa tano, jua limewaka, filimbi inakuwa juu ya kinanda hadi mwalimu anakunja uso. Tumemlaumu kijana kwamba anapuliza sana. Je, tunamwonea?

#5 Pumzi Ndefu (mleta uzi)

Dada yangu, mnamwonea, au tuseme kosa si lake peke yake.

Sauti husafiri haraka zaidi kwenye hewa ya moto. Kwa kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka kwenye hewa iliyomo ndani ya bomba, filimbi hupanda karibu senti 3, na senti 100 ndizo nusu toni moja. Kinanda cha umeme hakijui joto, kinakaa palepale kwenye mitetemo 440 ya noti A. Mazoezi yenu nadhani ni jioni au kwenye chumba chenye kiyoyozi. Ibada ya pili mko chini ya mabati saa tano. Ongeza na pumzi ya mchezaji aliyechangamka, maana pumzi ikizidi, sauti nayo inapanda. Senti 20 zinapatikana bila shida, na 20 sikio la mwalimu wa kwaya halizikosi.

Dawa ni kichwa kinachosogea. Ukikivuta nje, bomba linarefuka na sauti inashuka. Milimita 1 inashusha do ya chini karibu senti 6. Ila angalieni hapa, watu wengi wanapakosea: ti, ambayo hewa yake inaishia matundu ya juu, urefu wake ni kama nusu, kwa hiyo milimita ileile inaishusha karibu senti 11. Ukivuta milimita 5 au 6 kwa hasira, do itakaa sawa na ti itakuwa chini mno, na sasa filimbi inagombana na yenyewe. Milimita 2 au 3, basi. Zinazobaki mchezaji azimalize kwa pumzi.

Kwa hiyo kipimo kingine mnaponunua: kichwa kinasogea? Nyingi za bei nafuu huja zimegundishwa kiwandani. Kama ni kichwa cha plastiki juu ya bomba la chuma, kitumbukize kwenye maji ya moto (yasiwe yanachemka) kwa nusu dakika hivi, shika kwa kitambaa, zungusha taratibu huku unavuta. Gundi huachia. Ile ya Clarke ya mfano wa zamani haina ujanja huo, kichwa na bomba ni bati moja lililokunjwa. Ukiipata imekaa juu, utabaki nayo hivyo.

Na kijana apewe nafasi ya kuipasha kabla ya wimbo. Ashike kichwa cha filimbi kwa kiganja dakika mbili tatu.

#6 Mama Alto

Ee Mungu, na tulimwambia aache kwanza. Leo jioni namwomba radhi na nitamsomea hii.

#7 Fundi Lehemu

Mimi ni fundi bati, niko Gerezani. Sijui solfa ila nimetengeneza vibatari na mikebe maisha yangu yote, na nimewahi kuletewa filimbi hizi mbili tatu nizitazame. Nataka kuuliza: ugonjwa uliosema utaueleza ni wa wapi? Maana nilizoona mimi zote zilikuwa na shida pale kwenye dirisha.

#8 Pumzi Ndefu (mleta uzi)

Fundi, umegusa penyewe.

Tazama kichwa cha filimbi kutoka juu. Unapotia mdomo kuna mfereji mwembamba, pumzi inapita humo. Mfereji unaishia kwenye dirisha la mstatili, na upande wa pili wa dirisha kuna ukingo uliochongwa. Mimi nauita wembe. Pumzi inatoka kwenye mfereji kama utepe, inavuka dirisha, inagonga wembe, na inapigapiga juu na chini ya wembe huo. Kupigapiga huko ndiko kunakoitetemesha hewa ya ndani ya bomba. Sauti yote inazaliwa kwenye hizo milimita chache. Wembe ukikaa juu kidogo au chini kidogo ya utepe wa pumzi, kila kitu kinabadilika: pumzi inayohitajika, mvumo, namna inavyoruka oktava.

Ile filimbi yangu mbovu niliihangaikia wiki mbili. Nikaiosha, nikabadilisha namna ya kupuliza, nikafikiri ni bomba. Usiku mmoja umeme umekatika, natumia tochi ya simu, nikaielekeza dirishani kwa upande. Kwenye wembe kulikuwa na unywele wa plastiki, mfupi kuliko punje ya mchele, umebaki kutoka kwenye kalibu ya kiwandani. Mchana huuoni, rangi ni moja na kichwa. Kwa mwanga wa pembeni ulitupa kivuli. Nikachukua wembe mpya wa kunyolea, nikaushika kwa vidole viwili, nikaukata unywele ule kwa mkato mmoja bila kugusa ukingo wenyewe. Kisha nikapitisha msasa mwembamba sana, mara mbili tu, kwa chini.

Nikapuliza do. Nilikaa gizani nikaishika ile do hadi pumzi ikaniishia.

Kwa hiyo, wakuu, mnapokwenda dukani nendeni na tochi. Tazameni wembe kwa mwanga wa pembeni. Uwe umenyooka, usiwe na mapengo, usiwe na vinyweleo. Tazameni mfereji kwa kuuelekeza kwenye mwanga: kuta zake ziwe sambamba, usiwe mpana kushoto na mwembamba kulia. Na msiguse wembe wa filimbi nzima inayofanya kazi. Plastiki ukishaiondoa hairudi.

#9 Fundi Lehemu

Nimekuelewa vizuri. Ni kama mdomo wa kibatari, ukiwa na kijipande cha lehemu ndani utambi unapanda upande. Naongeza kwa za bati la kukunja: pale ukingo ulipo ni bati lenyewe limebonyezwa, kwa hiyo unaweza kulipandisha au kulishusha kidogo sana kwa kijiti cha mti laini. Chuma usitumie, kinaacha alama. Bonyeza kidogo, jaribu, bonyeza kidogo, jaribu. Aliyeniletea alibonyeza nyumbani kwa bisibisi na dirisha lilikuwa limeingia ndani kama limepigwa na nyundo. Niliweza kulinyanyua, lakini haikuwa tena ile.

#10 Pumzi Ndefu (mleta uzi)

Asante sana Fundi. Wenye Clarke za bati, hilo la kijiti liandikeni mahali. Hizo zinakula pumzi zaidi na zina mvumo wa pumzi ndani ya sauti, kama mtu anayenong'ona huku anaimba. Wengine wanaukimbia, mimi naupenda kwenye nyimbo za taratibu. Nimesema hivi ili nisionekane nahukumu kila filimbi kwa kipimo kimoja. Mvumo si kasoro ukiwa sawa kwenye noti zote. Ni kasoro ukiwa umekaa kwenye mi na fa peke yake.

#11 Mzee wa Kyela

Vijana hamjambo. Mimi naishi Ukonga sasa, kwetu Kyela. Nimesoma uzi huu tangu mwanzo na nimefurahi, ila mmesema Waayalandi mkawasahau jirani zetu. Miaka ya 1950 vijana wa Afrika Kusini waliichukua filimbi hii hii ya bei ndogo wakaifanya muziki wa kwela, kina Spokes Mashiyane. Ulipanda hadi Malawi, na pale ng'ambo ya mpaka wetu alikuwepo Donald Kachamba, aliyepiga kwela kwa filimbi hadi Ulaya wakamwalika.

Ninachotaka kuongeza kwenye vipimo vyenu ni hiki. Watu wale hawakuishika kama mnavyoishika. Waliitia mdomoni ndani zaidi, imeinama upande, shavu na midomo vikiziba sehemu ya dirisha. Sauti ilinenepa, na waliweza kuteleza nayo kutoka noti hadi noti kama mtu anayeimba. Filimbi ambayo wewe ungeikataa kwa do yake dhaifu, wao wangeitia mdomoni kwa pembe nyingine ikawajibu. Basi ukipima, pima na mdomo wa atakayeicheza.

#12 Pumzi Ndefu (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Nimejifunza, na nakubali bila kubishana. Nimekwenda sasa hivi kujaribu na ile ya shaba, nimeiinamisha upande wa kulia. Sauti imeshuka kidogo na kunenepa kweli, ingawa kuidhibiti itanichukua muda. Kwa kwela, basi, ongezeni kwenye orodha: umbo la kichwa. Kichwa chembamba kinaingia mdomoni kwa pembe, kile kinene cha mraba hakikubali.

#13 Kinda la Mbagala

Mzee shikamoo. Mkuu, na vipi kuhusu kuchagua kati ya shaba na plastiki? Kuna mtu ameniambia shaba ina sauti ya moto na plastiki ni ya watoto. Na kwenye simu yangu nina programu ya kutyunia gitaa, inafaa?

#14 Pumzi Ndefu (mleta uzi)

Nianze na simu, hiyo fupi. Inafaa, ila usiitazame ukiwa unapuliza. Ukiona mshale uko chini, pumzi inaongezeka yenyewe kabla hujajua, na filimbi mbaya itaonekana nzuri. Mpe mwenzako simu, wewe tazama ukuta. Piga kila noti kwa pumzi inayokujia kiasili, naye aandike. Tofauti ya senti 5 au 10 hapa na pale sijali. Kinachonisumbua ni noti moja ikiachana na wenzake, nyingine zote ziko sawa na so peke yake iko juu kwa 25.

Noti moja ambayo usiache kuipima ni ta, yaani ti iliyoshushwa nusu. Fungua tundu la juu kabisa, ziba la pili na la tatu, mengine acha wazi. Hapo filimbi nyingi za bei nafuu zinaaibika. Ikikataa kukaa, utalazimika kuziba nusu ya tundu la juu kila mara, na kwenye wimbo wa haraka hilo ni tabu.

Kuhusu shaba na plastiki. Mwaka 1971 John Coltman, mwanafizikia wa Marekani, alitengeneza filimbi za kupuliza kwa pembeni, moja ya fedha, moja ya shaba, moja ya mti, zenye vipimo vya ndani sawa. Wasikilizaji ambao hawakuziona hawakuweza kuzitofautisha, hata wachezaji wenyewe walipozuiwa kuzitambua kwa mikono. Bomba likiwa gumu vya kutosha na vipimo vyake vikiwa sawa, hewa ya ndani ndiyo inayolia. Filimbi ya kampuni ya Susato ni plastiki tupu na ina sauti kubwa kuliko nyingi za shaba nilizowahi kushika.

Nami nilifanya jaribio langu la nyumbani, si la kitaalamu. Binti wa dada yangu alikaa uani amegeuka, anachambua kunde kwenye ungo. Nilikuwa chumbani na filimbi nne, mlango wazi. Kila nikipiga noti tatu zilezile za do, so na la ya juu, yeye anaweka kunde kwenye kikopo cha zamu hiyo kati ya vinne, kadiri alivyoipenda. Nikabadilisha mpangilio mara sita bila kumwambia, na kila mara nikaandika kunde za kila filimbi. Ile niliyodhani ndiyo bora, ya shaba, ya gharama kuliko zote, ilipata kunde chache. Iliyozoa kunde nyingi ni yenye kichwa cha plastiki chekundu, ile yenye do pana.

Hapo nikaelewa kitu ambacho mchezaji ni vigumu kukisikia. Dirisha la filimbi liko sentimita chache kutoka puani kwako. Unasikia mkwaruzo wa pumzi na mvumo ambao mtu wa hatua kumi hasikii, na yeye anasikia ukali wa juu ambao wewe ukiwa nyuma ya dirisha haukuchomi vilevile. Kwa hiyo mpe mtu mwingine aipige, wewe rudi nyuma hatua kumi. Kama hakuna anayejua kupiga, weka simu mbali na urekodi. Usiiweke mezani mbele yako.

#15 Msikilizaji wa Feri

Mimi si mpigaji ila swali: filimbi ya mdogo wangu inaziba katikati ya wimbo. Sauti inakuwa ya mate, halafu inakata. Tumeambiwa ni mbovu tuirudishe dukani. Huwa inamtokea zaidi akipiga ofisini kwao kuliko huku Kigamboni nyumbani.

#16 Pumzi Ndefu (mleta uzi)

Umejijibu mwenyewe bila kujua. Ofisini kuna kiyoyozi. Pumzi yetu ni ya moto na imejaa mvuke, ikipita kwenye mfereji wa baridi mvuke unageuka maji, na mfereji ni mwembamba mno, matone mawili yanautosha. Kigamboni joto la chumba linakaribia joto la pumzi, maji hayajikusanyi haraka. Wenzetu wa nchi za baridi wanahangaika na jambo hili mwaka mzima, sisi tunahangaika nalo kwenye kumbi za kiyoyozi tu.

Apashe kichwa kwanza, mkononi au mfukoni. Ikiziba katikati ya wimbo, avute hewa ndani kwa haraka badala ya kupuliza, inarudi. Na nyumbani achanganye tone la sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo, apitishe mferejini, aache ikauke bila kufuta. Maji yanatandaa badala ya kusimama kama matone. Harufu inaisha siku ya pili. Akishafanya yote hayo na bado inaziba kwenye chumba cha kawaida ndani ya dakika tano, hapo mfereji ni mwembamba mno na mna haki ya kuirudisha.

#17 Mama Alto

Nimeomba radhi. Amevuta kichwa milimita 2 nikipima kwa rula ya mwanangu, tumeimba wimbo mzima na kinanda. Mwalimu hakukunja uso.

#18 Fundi Lehemu

Naongezea kuhusu matundu. Pitisha kidole juu ya kila tundu polepole. Likiwa na makali, baada ya saa moja kidole kinauma na unaanza kukiinua ili kupumzika, hewa inavuja. Msasa mwembamba uliozungushwa kwenye penseli unatosha, usilipanue. Ukilipanua noti inapanda.

#19 Kinda la Mbagala

Wakuu, mrejesho. Nimekwenda Kariakoo jana na dada yangu, yeye ameshika simu. Duka la kwanza walikataa nisijaribu kwa mdomo, wakasema ukipuliza umenunua. Nikatoka. Duka la pili muuzaji, mama mmoja mstaarabu, aliniletea spiriti na kitambaa akasema jaribu zote, futa ukimaliza.

Zilikuwa tatu za D. Ya kwanza ilikuwa inang'aa kweli, ila do yake ukikazia kidogo tu inaruka. Nilirudia mara tano kama ulivyosema, mara nne iliruka. Ya pili do ilisimama, ila ta ilikuwa juu kwa senti 40 na kitu, dada ameandika. Ya tatu kichwa chake kilikuwa na mkwaruzo kwa nje na bei Sh 38,000. Tochi: wembe umenyooka. Do: nimeishika hesabu ya nane mara tano, imetikisika mara moja. Ta: juu kwa senti 12. La ya juu inatoka bila kuwasha mkaa. Dada alirudi hadi mlangoni, kwenye kelele za barabara, akasema anaisikia hii kuliko zile mbili.

Nimechukua hiyo. Kichwa kimegundishwa, maji yako jikoni yanapata moto. Swali moja la mwisho: chini ya mfereji, ndani ya kichwa, kuna shimo tupu, uvungu fulani. Hilo ni la kawaida?

#20 Pumzi Ndefu (mleta uzi)

Safi sana Kinda, na msalimie dada, kazi kubwa ameifanya yeye.

Uvungu huo ni wa kawaida kwenye vichwa vya plastiki. Wengi tunauziba kwa gundi laini ile ya kubandikia mabango ukutani, kipande kama punje ya mahindi, unakisukuma kwa kijiti hadi kilingane na mwisho wa mfereji, kisitokeze dirishani hata kidogo. Oktava ya juu inatulia, na mara nyingi noti zinajibu upesi zaidi. Nilijaribu nta ya nyuki kwanza, ikafanya kazi vizuri, kisha nikaisahau filimbi kwenye dashibodi ya gari mchana kutwa. Nilikuta nta imeteremka kwenye dirisha.

Ila usizibe leo. Ipige wiki nzima ilivyo, rekodi do, ta na la ya juu kwa umbali uleule, ndipo uzibe na urekodi tena. Vinginevyo hutajua ni gundi iliyosaidia au ni pumzi yako iliyoizoea filimbi. Klipu zote mbili ziweke hapa, tusikilize.

#21 Kinda la Mbagala

Kichwa kimeachia. Nimevuta milimita 2, nakaa sawa na kinanda cha kwenye simu. Naanza wiki leo.